STI, GR Yaris au Golf R? Maswali Yenu Kuhusu Magari ya Kasi ya Petroli

Barua za mwezi huu karibu zote zina wasiwasi mmoja: magari ya umeme yanakuja, je, bado inafaa kununua gari la petroli lenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), na kama inafaa, lipi? Tumechagua sita.

Mhariri, salamu. Nimeweka akiba ninunue gari moja la nguvu kutoka Japani kabla umeme haujachukua nafasi yote. Nimebaki na matatu: Subaru WRX STI, Toyota GR Yaris na Volkswagen Golf R. Kila muuzaji anavutia kwake. Nianzie wapi? — Msomaji, Nakuru

Anzia kwenye kalenda, ndugu msomaji. Nguvu za farasi baadaye.

Wengi hudhani mwisho wa magari haya utaletwa na sheria za Ulaya za mwaka 2035, ambazo Desemba 2025 Tume ya Ulaya yenyewe ilipendekeza zilegezwe. Kwa mnunuzi wa Kenya mlango unafungwa na kitu kilicho karibu zaidi, nacho ni kanuni ya kutoagiza gari lililozidi miaka 8, inayosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya. Mwaka 2026 yanapokelewa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2019. Mwaka 2027 itakuwa kuanzia 2020. Sasa tazama STI. Ile ya mwisho ya soko la Japani, yenye msimbo wa bodi VAB, ilifungiwa maagizo mwishoni mwa 2019 kwa toleo la EJ20 Final Edition (EJ20 ni jina la injini yake) la magari 555. Machi 2022 Subaru ikatangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya petroli. Kwa hiyo VAB safi imebakiza muda mfupi sana wa kuingia Mombasa, na wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana bei haishuki. Lancer Evolution X ya Mitsubishi ilishafungiwa nje zamani, kwani iliacha kutengenezwa miaka ya 2015 na 2016. (Msomaji wa Tanzania hazuiwi na umri wa gari, ila hulipa ushuru wa uchakavu likishapita miaka 8. Uganda mpaka ni miaka 15.)

Kwa nguvu, matatu haya yanakaribiana kuliko matangazo yanavyosema. STI VAB ina farasi 308 na uzito wa karibu kilo 1,490, yaani kila farasi mmoja anabeba kilo 4.8. Golf R ya mtindo wa 7.5 ina farasi 310 na kilo zipatazo 1,500, nayo inaangukia hapohapo. GR Yaris ya 2020 ina farasi 272 tu kutoka injini ya silinda tatu ya lita 1.6, lakini uzito wake ni kilo 1,280, hivyo inafika kilo 4.7. Barabarani tofauti haitoki kwenye mwendo wa kunyoosha. Inatoka kwenye kona na kwenye breki, na hapo wepesi wa Yaris unaonekana wazi.

Chaguo letu ni GR Yaris, kwa sharti kwamba kiti cha nyuma si cha watu wazima kila siku. Ina milango miwili ya abiria, na mtu mrefu nyuma hugusa paa. Ila jihadhari na jambo moja ambalo limewaponza wengi: kuna GR Yaris ya daraja la RS yenye sura ileile, bodi ileile pana na nembo ileile, lakini ndani ina injini ya lita 1.5 isiyo na tabo, farasi 120, giaboksi ya CVT (inayojiendesha yenyewe, si ya mkono) na inavuta kwa tairi za mbele pekee. Picha za mnadani hazitakusaidia. Soma msimbo wa chasi: GXPA16 ndiyo yenye tabo na mvuto wa tairi nne, MXPA12 ni RS. Subaru nako kuna mtego wa aina hiyo. WRX S4, msimbo VAG, hufanana sana na STI lakini ina injini ya FA20 na CVT pekee. Si gari baya, ila kama ulitaka gia za mkono umepotea.

Karatasi ya mnada isome mwenyewe. Herufi R au RA kwenye nafasi ya daraja humaanisha gari lilipata ajali likarekebishwa. Gari la aina hii lililogongwa mbele, hata likipendeza, liache.

Nimeonyeshwa Impreza STI ya 2012 hapa Nairobi. Mwenyewe anaapa injini haijawahi kufunguliwa. Nitajuaje kama ni nzima kabla sijatoa pesa? — Msomaji, Nairobi

Kutofunguliwa si sifa wala kasoro. Muhimu ni hali yake leo, na hali hiyo inapimika kwa nusu siku kama fundi ni mwaminifu na mwenye gari hana haraka.

Fika asubuhi injini ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa. Ukikuta ina joto, omba kurudi siku nyingine, kwa sababu kuna makosa ambayo joto huyaficha. Ikiwashwa, sikiliza. EJ20 nyingi hugonga kidogo pistoni zikiwa baridi na mlio huo hufa ndani ya dakika moja au mbili. Mlio wa kuogopwa ni ule mzito unaofuata mzunguko wa injini na unaobaki, au kuongezeka, injini ikishachemka. Hizo ni beringi za koneksheni.

Chanzo chake mara nyingi ni oili. Injini hii hula oili, na kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti cha kupimia pana takriban lita nzima, katika injini inayobeba lita nne na kitu. Mwenye gari asiyepima kila anapojaza tangi huendesha siku nyingi akiwa na robo pungufu. Akiingia kona kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja, pampu huvuta hewa, na beringi husaga kavu kwa sekunde chache. Sekunde hizo zinatosha. Bomba la kufyonzea oili lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) nalo hupasuka kwenye maungio na kuleta matokeo hayohayo hata oili ikiwa imejaa. Ukinunua gari, libadilishe hilo bomba kwa lililoimarishwa siku sampu itakapofunguliwa.

Kisha pima kompresheni (shinikizo ndani ya kila silinda), plagi zote nne zikiwa nje, betri imejaa na mguu umekanyaga eksileta hadi mwisho. Usihangaike na namba za kitabu moja kwa moja, maana zimeandikwa kwa usawa wa bahari na Nairobi hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18, hivyo geji itasoma chini. Linganisha silinda kwa silinda. Zikipishana kidogo ni sawa. Moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, fanya kipimo cha pili cha kuvuja: fundi husukuma hewa ya kompresa kwenye silinda, vali zimefungwa, na kuangalia inapotokea. Ikitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi au kingo za pistoni zilizovunjika. Ikitokea kwenye ekzosi, ni vali. Mapovu yakipanda kwenye tangi la maji ya rejeta, ni gasketi ya hedi. Silinda ya nne ndiyo huumia mara nyingi kwenye injini za EJ zenye tabo, basi ianzie hiyo.

Unganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Usiishie kuangalia taa za hitilafu, kwani muuzaji anaweza kuwa amezifuta dakika tano kabla. Tafuta thamani iitwayo DAM. Kompyuta ya Subaru ikisikia injini inagonga kwa sababu ya petroli dhaifu au joto, hupunguza namba hii. Inatakiwa isome 1.0 baada ya kuendesha mwendo wa kutosha. Ikisoma 0.7 au chini, injini inajikinga na kitu, na kazi yako ni kujua kitu gani kabla hujaweka sahihi.

Sasa ule mngurumo wa kukoroma ambao watu huupenda Subaru kwa ajili yake. Unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana kabla ya tabo. Lakini STI ya soko la Japani ya mwaka huo ilitoka kiwandani na mabomba yaliyolingana na tabo ya mikondo miwili, hivyo haikoromi. Kama hii uliyoonyeshwa inakoroma, mfumo umebadilishwa, huenda na tabo pia. Uliza ni nani alipanga kompyuta upya baada ya hapo. Akikosa jibu, gari linaendeshwa kwa hesabu za mfumo ambao halina tena, na DAM itakuwa imeshakwambia.

Mambo mengine kwa haraka. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 pamoja na puli zake, kikazio na pampu ya maji. Ukikatika, pistoni hupiga vali na hakuna kinachosalia juu. Kama hakuna stakabadhi, uhesabu kwenye bei kana kwamba haujabadilishwa. Baadhi ya injini hizi zina kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye tabo, ambacho huziba kwa oili chafu na kuua tabo; mwambie fundi akitoe akiangalie. Tairi zote nne ziwe za aina moja na uchakavu mmoja. Subaru hutaka mzingo wa tairi usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi, yaani takriban milimita moja ya kina cha kashata. Aliyeweka mbili mpya mbele na mbili kuukuu nyuma amekuwa akiichosha difu ya katikati kila kilomita.

Hapa Mombasa gari langu la tabo huwa zito mchana, usiku linapaa. Rafiki amenishauri niongeze dawa ya kupandisha oktani. Je, itasaidia? — Msomaji, Mombasa

Tatizo lako kubwa ni joto, oktani (kipimo cha petroli kutojilipukia kabla ya wakati) inafuata.

Kama ni Subaru, kipoza hewa cha tabo kimekaa juu ya injini. Ukiwa kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, joto la injini hupanda na kukichemsha, na hewa haipiti kwenye tundu la bonneti kwa sababu gari limesimama. Ukija kukanyaga, hewa inayoingia kwenye silinda ni ya moto, nyepesi, na rahisi kugonga, hivyo kompyuta hurudisha nyuma cheche na nguvu hupotea. Usiku hali ni nyingine. Anza na yasiyo na gharama kubwa: hakikisha mpira unaoziba nafasi kati ya kipoza na bonneti haujachakaa, osha mapezi ya kipoza na rejeta yaliyojaa vumbi na chumvi, na kagua mabomba ya mpira ya hewa kwa kuyaminya, kwani ufa mdogo huonekana tu shinikizo likipanda. Kuhamishia kipoza mbele ya rejeta kunasaidia kweli, ila kunahitaji kompyuta ipangwe upya.

Kuhusu chupa za dawa: soma maandishi kwa makini. Chupa ikisema inaongeza "pointi 3", mara nyingi pointi ni sehemu ya kumi, kwa hiyo petroli ya 93 inakuwa 93.3. Magari ya tabo ya Japani hupangwa kwa petroli yao ya juu ambayo huuzwa ikiwa karibu na oktani 100, wakati petroli ya kawaida Kenya ni 93. Pengo hilo halizibwi na chupa. Jaza ile ya bei ya juu kwenye kituo chenye mauzo mengi, na kama gari liliwahi kutyuniwa Japani, lirudishwe kwenye mpangilio wa kiwandani au lipangwe upya hapa, kwa petroli ya hapa. Mpangilio uliofanywa Yokohama kwa oktani 100 ukiendeshwa kwa 93 katika joto la Pwani huvunja pistoni.

Golf R yangu ya 2015 inashtuka ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, na mvua ikinyesha tairi za mbele zinateleza kana kwamba nyuma hakuna mvuto. Fundi anataka kubadilisha giaboksi nzima. — Msomaji, Thika

Mzuie kwanza. DSG, yaani giaboksi ya klachi mbili inayojibadilisha yenyewe, ya gia sita iliyo kwenye gari lako hutumia klachi zilizolowa oili, na oili hiyo pamoja na kichujio chake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Magari mengi hufika kwetu bila kufanyiwa hivyo, kwa kuwa mtu huambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha. Badilisha oili, kiwango kipimwe oili ikiwa kwenye joto linalotakiwa kwa kutumia mashine ya uchunguzi, kisha mpangilio wa klachi ufanywe upya kwa mashine hiyohiyo. Ikiendelea kushtuka baada ya hapo, ndipo mzungumzie kitengo cha umeme na vali zake, au klachi.

Mvuto wa nyuma ni jambo tofauti. Unaletwa na klachi ya Haldex iliyo karibu na difu ya nyuma, inayosukumwa na pampu ndogo ya umeme. Kizazi hiki hakina kichujio cha kubadilisha. Kina wavu kwenye pampu, na mabaki ya klachi huuziba hadi pampu ikaungua. Kubadilisha oili pekee hakutoshi, pampu itolewe na wavu usafishwe. Mwambie fundi afanye hivyo kila miaka mitatu.

Ukiwa hapo, angalia kama kuna unyevu wa rangi ya waridi chini ya manifoldi ya hewa. Kasha la plastiki la pampu ya maji na themostati kwenye injini hii hupinda kwa joto na kuvujisha polepole.

Ninasikia gari la umeme la Hyundai Ioniq 5 N linayashinda haya magari yote. Kwa nini basi mtu anunue ya petroli? — Msomaji, Eldoret

Kwa mwendo wa kunyoosha, inayashinda, na kwenye mwinuko wenu inayashinda kwa tofauti kubwa zaidi. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu zake huko. Yenye tabo hufidia, lakini tabo huzunguka kwa kasi zaidi na kupeleka hewa ya moto zaidi. Mota ya umeme haivuti hewa, haipotezi kitu. Ioniq 5 N ina farasi 609, na 650 kwa sekunde 10 ukibonyeza kitufe cha nyongeza, na hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4. Anayetafuta hilo tu, tunamshauri asipoteze pesa kwenye petroli.

Sababu ya kubaki na petroli ni uzito na mazingira. Ioniq 5 N ina kilo zipatazo 2,200, zaidi ya GR Yaris kwa kilo 900. Uzito huo unabebwa na tairi za inchi 21 zenye ukuta mfupi wa 35. Shimo moja lenye kingo kali kwenye barabara ya kwenda Iten linaweza kupasua tairi na kupinda rimu, na saizi hiyo huikuti duka la kona. Yaris hutumia 225/40 za inchi 18, zinazopatikana. Chaji nayo ihesabu kwa umakini. Betri ni ya kWh 84. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 huijaza kwa saa 12. Soketi ya kawaida ya nyumbani itachukua zaidi ya siku nzima. Zile dakika 18 za matangazo, kutoka asilimia 10 hadi 80, zinahitaji chaja ya kilowati 350.

Ukiamua kuichukua iliyotumika, omba ripoti ya afya ya betri iliyosomwa kwa mashine, na ulinganishe namba ya chasi na orodha za kurudishwa kiwandani. Mwaka 2024 Hyundai ilirudisha magari mengi ya jukwaa hili kwa ajili ya kitengo cha kuchaji kiitwacho ICCU, ambacho kikifa, betri ndogo ya volti 12 huisha na gari kupoteza nguvu njiani. Hakikisha kazi hiyo imefanyika kabla gari halijapanda meli.

Mimi sina pesa za STI wala GR Yaris. Kuna gari la petroli la kufurahisha ambalo halitanifilisi? — Msomaji, Arusha

Lipo: Suzuki Swift Sport, msimbo ZC33S, lililotoka mwaka 2017. Uzito wake na gia za mkono ni kilo 970. Injini ni ya lita 1.4 yenye tabo, farasi 140 na msukumo wa Nm 230, unaoanza chini sana kiasi kwamba kupanda kutoka Usa River hakukulazimishi kushusha gia kila mara. Breki, tairi na klachi ni za gari dogo, na bei zake ni hivyohivyo. Kwa kuwa ni jepesi, pedi za breki hudumu. Suzuki ilitengeneza toleo la mwisho la modeli hii mwaka 2025, kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo yatakuwepo ya kuchagua, na kwa mnunuzi wa Tanzania yale ambayo bado hayajapita miaka 8 yanaepuka ushuru wa uchakavu.

Chagua lenye gia sita za mkono, ambalo halijaguswa na watyuni. Kagua klachi kwa kuweka gia ya tano ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa na kukanyaga eksileta yote: mzunguko wa injini ukipanda bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha. Badilisha oili kila kilomita 5,000, si 10,000 kama baadhi ya gereji zinavyobandika kwenye kioo, kwa sababu vumbi letu na safari fupi za mjini huichosha mapema, na tabo ndiyo ya kwanza kuteseka. Kagua pia sehemu ya chini ya gari kwa kutu kama lilitoka mikoa ya theluji ya Hokkaido au Tohoku. Karatasi ya mnada huandika kutu, lakini tumia tochi ukague mwenyewe mirija ya breki na viungio vya ekseli ya nyuma.